Neno la Kansa Lifikeje kwa Familia Zilizohama?



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza nanyi juu ya mashamba na mipaka yake, juu ya safari ya kurudi kijijini, juu ya ugomvi wa maji na kuni kati ya familia zilizohama na wenyeji waliozipokea. Mara hii tunazungumza juu ya kansa, ambayo wengine huiita saratani na wengine kanseri. Huenda mtauliza: ugonjwa huo una uhusiano gani na kazi ya amani? Sisi pia tuliuliza hivyo, mpaka siku tulipovuruga amani ya nyumba kwa kinywa chetu wenyewe.

Ilikuwa katika eneo moja walipokaa watu waliokimbia vita. Tulikuwa tumeombwa kuwaita akina mama waje kupimwa kansa ya mlango wa kizazi. Mwenzetu alishika kipaza sauti, akasema mbele ya wanaume, wanawake na watoto: "Kansa hii inaletwa na virusi vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Akina mama, jitokezeni mpimwe." Hakusema uongo hata kidogo. Lakini jioni ile mama mmoja aliyekuwa ameandikisha jina lake aliulizwa na mume wake: "Virusi hivyo umevitoa wapi?" Wazee wa bloku walikesha wakiwatuliza. Kesho yake, kati ya wale walioandikishwa, waliofika walikuwa wachache mno, na yule mama hakuwamo.

Tangu siku hiyo hatusemi tena jambo hili kwa namna moja kwa watu wote. Tunawaandikia tuliyojifunza kwa sababu nyinyi viongozi ndio mnaoombwa kupitisha matangazo haya, na nyinyi wazazi ndio mnaoyasikia.

Ugonjwa wenyewe

Kansa ya mlango wa kizazi huanza pale chini, tumbo la uzazi linapokutana na njia ya uke. Karibu kila mara huletwa na virusi vinavyoitwa HPV. Mwaka 2022, kulingana na hesabu za Shirika la Afya Duniani (OMS), wanawake wapatao 660,000 duniani waligundulika nayo, na wapatao 350,000 walikufa. Kati ya kila 100 waliokufa, 94 walikuwa katika nchi maskini na za kipato cha kati kama yetu. Si kwamba wanawake wa kwetu wameumbwa tofauti. Ni kwamba kwingine mwanamke hupimwa mapema na kutibiwa mapema, na kwetu mara nyingi hufika hospitali damu imekwisha kutoka kwa miezi.

Kuna jambo moja katika ugonjwa huu ambalo lingepaswa kutangazwa kabla ya mengine yote: unakwenda polepole. Kwa mwanamke mwenye afya, tangu virusi kuingia mpaka kansa kutokea hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama yule mwenye virusi vya ukimwi (sida) asiyetibiwa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Katika miaka hiyo yote kunakuwa na vidonda au mabadiliko madogo yasiyouma, ambayo muuguzi anaweza kuyaona na kuyaondoa kabla hayajawa kansa. Kwa hiyo anayekwenda kupimwa haendi kusomewa hukumu ya kifo. Anakwenda kuzuia.

Na virusi hivyo ni vya kawaida sana. Karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana, mwanamume kwa mwanamke, hukutana navyo wakati fulani wa maisha yake, na mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe bila mtu kujua. Vingine hukaa kimya miaka mingi. Hakuna muganga anayeweza kutazama kipimo cha mke akasema vilitoka kwa nani na lini. Hili ndilo neno ambalo mwenzetu hakulisema kwenye kipaza sauti, na laiti angalilisema, pengine yule mama angalifika asubuhi.

Maneno yetu na masikio ya watu

Tuanze na neno lenyewe, kizazi. Katika Kiswahili ni tumbo la uzazi, na pia ni watoto na wajukuu, ukoo unaokuja. Fikirini basi mtu aliyefukuzwa kwao, aliyezika watoto njiani, anasikia kwamba wageni wameleta "chanjo ya kizazi" kwa binti zake wa miaka 9 hadi 14. Atasikia nini? Atasikia kwamba wanataka kumaliza kizazi chake. Tumeshuhudia neno hilo likipita kutoka hema hadi hema kabla ya saa sita mchana. Siku hizi tunasema "chanjo ya kumkinga binti na kansa", na mlango wa kizazi tunaueleza baadaye, kwa utulivu, tukiwa na picha.

Neno virusi nalo lina mzigo wake. Kwa wengi, virusi ni sida basi. Mwanamke anayeambiwa "una virusi vya HPV" anaweza kurudi nyumbani akiamini kwamba ana sida, na akafa moyo. Ni lazima kusema wazi kwamba hivi ni virusi vingine, na kusema pia kwamba mwenye virusi vya ukimwi yuko katika hatari ya kansa hii mara 6 kuliko mwingine, kwa hiyo yeye anapaswa kuanza kupimwa tangu miaka 25, wakati wengine huanza miaka 30. Mambo haya mawili yakisemwa kwa pupa yanachanganyika. Tunashauri yasemwe na muganga mwenyewe, katika chumba, mtu kwa mtu.

Halafu kuna siki. Kipimo kinachotumika sana mahali pasipo na maabara kubwa ni cha maji yenye asidi, ndugu ya ile siki ya jikoni. Muuguzi hufungua njia kwa kifaa, hupaka maji hayo kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, na penye mabadiliko hugeuka pakawa peupe. Kazi yote ni dakika chache. Lakini ukisema "wanapima kwa siki" ukaishia hapo, kuna mama atakayekwenda kununua siki sokoni ajisafishe nayo nyumbani. Hiyo si dawa, na inaunguza. Sentensi hiyo ya mwisho isisahauliwe na yeyote anayesema ile ya kwanza.

Nani anasikiliza?

Akina mama wa miaka 30 hadi 49 ndio wanaofaidika zaidi na kipimo. Swali lao la kwanza, tunavyosikia, haliwi juu ya virusi wala takwimu. Wanauliza: ni nani atakayenitazama, mwanamume au mwanamke? Inauma? Wengine wataniona ninaingia? Nitalipa ngapi? Tangazo lisilojibu maswali hayo manne halijawaambia kitu. Basi kiongozi akaulize kwanza kwenye kituo cha afya, apate majibu ya kweli, ndipo atangaze. Kama malipo yapo, aseme yapo na ni kiasi gani. Aibu ya mama aliyetembea saa tatu akafika akakosa fedha haimwishi yeye peke yake, huifuata kampeni nzima.

Miongoni mwao wamo wengi waliofanyiwa ukatili na watu wenye silaha. Kwao, kulala kitandani na kuguswa na mtu asiyemjua kunarudisha siku ile. Msitangaze kamwe kwamba "waliobakwa waje kupimwa kansa": mnawaonyesha kidole mbele ya watu, na mnawafanya wengine waamini kwamba kila aliyeteseka ana ugonjwa. Semeni kwamba kipimo ni cha kila mwanamke wa umri huo. Na mwelezeni kila mmoja kwamba ana haki ya kusema "simama", na muuguzi atasimama. Mahali penye kipimo cha HPV cha maabara, mwanamke anaweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti laini, bila kutazamwa na mtu. OMS inakikubali kipimo cha namna hiyo. Bado hakijafika kila mahali, lakini kuuliza si vibaya.

Waume. Tulikosea kuwasahau, na mashirika mengi yanaendelea kukosea hivyo. Katika nyumba nyingi redio ni ya baba, fedha ya njia iko kwa baba, na ruhusa iko kwa baba. Tulipokaa nao peke yao, chini ya mti, bila wake zao na bila kipaza sauti, maswali yao yalikuwa ya watu wenye hofu zaidi kuliko hasira: je, bado tutazaa? Je, naweza kumkaribia mke wangu? Jibu la swali la pili ni kwamba baada ya matibabu ya vidonda vidogo wanashauriwa kungoja wiki chache apone, na muganga atawaambia ni ngapi. Jibu la kwanza ni kwamba matibabu hayo ya mapema, yanayofanywa kwa kuchoma kidogo kwa joto au kugandisha kwa baridi, hayaondoi tumbo la uzazi. Kinachoharibu uzazi ni kansa iliyoachwa ikue. Mzee mmoja alituambia, "Kumbe ndiyo hivyo? Mngeanza na sisi." Alikuwa na haki.

Wale wanaonuka. Tunatumia neno kali kwa makusudi, maana ndilo linalotumiwa nyuma ya migongo yao. Kansa iliyokomaa hutoa damu baada ya kujamiiana, damu kati ya hedhi na hedhi, damu kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi, na majimaji yenye harufu. Jirani hufikiri ni fistula, au laana, au mwenendo mbaya, na mama huyo hutengwa hata kwenye foleni ya maji. Mwenye dalili hizi asingoje siku ya kampeni. Apelekwe hospitali sasa, asindikizwe na mtu.

Tunachokumbuka kutoka Ebola

Wengi wenu mliokaa Beni, Butembo, Katwa au Mangina hamhitaji kuelezwa. Tangu mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020 Ebola ilipita Kivu ya Kaskazini na Ituri, ikaua watu zaidi ya 2,200. Magari yalikuja mengi kuliko yaliyowahi kuonekana wakati watu walipokuwa wanachinjwa. Matangazo mengi yalikuwa katika Kifaransa, au katika Kiswahili kisicho cha kwetu. Halafu mwezi wa kumi na mbili 2018 uchaguzi ukaahirishwa katika Beni na Butembo kwa sababu iliyotajwa ya ugonjwa na usalama, na watu wakaamua kwamba ugonjwa wenyewe ni siasa. Vituo vya matibabu vilichomwa. Wahudumu waliuawa. Mambo yalianza kubadilika pale wenyeji walipopewa nafasi ya kuuliza, na walipoanza kusikia jibu katika lugha yao kutoka kwa mtu wanayemjua.

Tunalitaja hili kwa sababu uvumi juu ya chanjo na vipimo katika sehemu zetu hauji kwa ujinga. Unakuja kwa watu waliodanganywa mara nyingi. Mtu akikuambia "chanjo hiyo inataka kumaliza kabila letu", ukimjibu "acha uongo" umempoteza. Muulize alisikia wapi, na anaogopa nini hasa. Kisha mweleze: chanjo haigusi tumbo la uzazi. Inaufundisha mwili wa binti kuvitambua virusi kabla hajakutana navyo, na ndiyo sababu hutolewa mapema, miaka 9 hadi 14. Si alama ya kwamba binti amekwisha kuanza mambo ya watu wazima.

Mifano ya majirani husaidia. Rwanda ilianza kuwapa mabinti chanjo hii nchi nzima mwaka 2011, ikawa ya kwanza Afrika, na zaidi ya 9 kati ya kila 10 waliolengwa wakaipata. Walianza kwa kukaa na wazazi, walimu, makanisa na viongozi wa vijiji kabla ya sindano ya kwanza, na wasichana wasiosoma walitafutwa na wahudumu wa afya wa vijijini. Mabinti wale wa mwanzo leo ni wanawake wazima wa umri wa kuzaa. Hata hivyo tunajua kwamba katika mabaraza mengine ya kwetu kulitaja jina la nchi hiyo, baada ya yote yaliyopita na yanayoendelea, ni kuwasha moto. Basi taja Uganda, iliyoanza mwaka 2015, au Tanzania, iliyoanza mwaka 2018. Ukweli wa chanjo ni uleule.

Na jambo ambalo halijafika msiliahidi. Kama chanjo haipo katika zone yenu ya afya, semeni haipo, na ulizeni itakuja lini.

Kwa mtu anayeweza kuhama tena

Mafundisho mengi ya afya yameandikwa kwa watu wanaolala mahali pamoja mwaka mzima. "Rudi baada ya miezi miwili uchukue jibu." Mwezi wa pili wa 2025 maeneo ya wakimbizi yaliyokuwa kandokando ya Goma yalivunjwa, na watu wakatawanyika kwa siku chache. Mama aliyekuwa anangoja jibu lake alikwenda wapi, na jibu lilikwenda wapi?

Kwa hiyo tunawaomba viongozi, mnapozungumza na mashirika na waganga, mdai mambo mawili. La kwanza ni kwamba anayepimwa atazamwe na kutibiwa siku ileile kama inawezekana. Kipimo cha maji yenye asidi kinaruhusu hivyo, kwa kuwa jibu linaonekana palepale, na kifaa cha kuchoma kwa joto ni kidogo, kinabebeka. La pili ni juu ya chanjo. Tangu mwezi wa kumi na mbili 2022 OMS imekubali kwamba dozi moja inaweza kumkinga binti. Zamani zilikuwa mbili, na kabla ya hapo tatu. Kwa mtoto ambaye hajui mwezi ujao atalala wapi, tofauti kati ya dozi moja na tatu ni kubwa mno. Binti mwenye virusi vya ukimwi ahesabiwe peke yake, maana yeye huhitaji zaidi ya dozi moja.

Kisha wenyeji. Tumeona kampeni ikifunguliwa kwa waliohama tu, na mama mwenyeji aliyewapa kiwanja, aliyegawana nao visima na mihogo, akirudishwa mlangoni kwa kuwa hana kadi. Wiki ile ile maneno yakaanza: "Hawa wanatibiwa, sisi tunawalisha." Kansa haiulizi kadi. Waiteni wote pamoja, na kamati ya kuandaa siku hiyo iwe na watu wa pande zote mbili, hata kama jambo hilo litaongeza foleni. Mahali tulipofanya hivyo, akina mama wa pande mbili waliokuwa hawasalimiani kisimani walisindikizana. Hatusemi kwamba waliacha ugomvi wao wa kisima. Walisindikizana.

Njia ya kupitisha habari ichaguliwe na watu wenyewe. Redio inafika mbali, lakini haijibu maswali. Mchezo wa kuigiza unafaa sana kwa waume, wakiachiwa nafasi ya kuingia uwanjani na kubadilisha mwisho wa kisa. Vikundi vya akiba vya akina mama tunaviona kuwa bora kuliko vyote kwa habari hii, kwa kuwa wanakutana kila wiki na wanaaminiana hata kwa fedha. Na yule mhudumu wa kujitolea tunayemwita reko, baada ya kueleza, asiulize "mmeelewa?" Kila mtu atasema ndiyo. Aseme: "Mama, ukifika nyumbani utamwelezaje dada yako?" Hapo ndipo atasikia kilichopotea njiani.

Kansa nyingine kwa kifupi, maana tutarudi kwazo. Ya ini nyingi huletwa na hepatiti B, na kinga yake imo ndani ya sindano ambazo watoto wetu hupewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Mtoto aliyezaliwa njiani na kuzikosa apelekwe azipate. Ukungu wa karanga na mahindi yaliyolowa una sumu inayoharibu ini, nayo haiishi kwa kupika. Tunajua ni vigumu kumwambia mwenye njaa atupe chakula. Basi achambue, atupe punje zilizobadilika rangi, na zilizobaki azikaushe juu ya mkeka, si juu ya udongo. Uvimbe katika titi, hata usiouma, uonyeshwe kwa muganga. Tumbaku sote tunaijua.

Tumalize na karatasi. Kila mama aliyepimwa aombe aandikiwe tarehe, aina ya kipimo, jibu, na kama alitibiwa. Waganga wengine huandika jibu kwa herufi wanazozielewa wao tu, kwa hiyo aombe asomewe, kisha mtu anayemwamini amwandikie kwa Kiswahili nyuma ya karatasi. Aifunge ndani ya plastiki pamoja na kadi za chanjo za watoto. Mama wa shamba mmoja alituonyesha yake: aliishonea ndani ya upindo wa kitenge anachombebea mtoto, kwa sababu, alisema, siku ya kukimbia vitu vingine vyote unaweza kuvisahau.